Kidole ni Chetu, Ufunguo ni wa Nani?

Katika shule moja ya msingi juu ya Runyenjes, pale mashamba ya chai yanapokaribia msitu wa Mlima Kenya, kuna kabati la chuma lenye kufuli mbili. Asubuhi moja ya baridi mwalimu mkuu alinifungulia. Ndani vilikuwa vimepangwa vishikwambi vya wanafunzi, kila kimoja na jalada lake. Baadhi vilikuwa vimevimba mgongoni kwa sababu ya betri. Kimoja kiliwaka, kikaonyesha mahali pa kuandika nywila, kikangoja. "Mwalimu aliyekuwa akivishughulikia alihamishwa," mwalimu mkuu akaniambia. "Nywila alikuwa nayo yeye." Msichana mmoja wa gredi ya pili, aliyekuwa ametumwa chaki, akasogea karibu. Akakitazama kishikwambi kingine kilichozimika, kisha akaandika jina lake kwa kidole juu ya vumbi la kioo. Herufi nne, zimenyooka.

Watu wa tarakilishi wamebishana kwa miaka mingi kuhusu mifumo iliyo wazi na mifumo iliyofungwa, na kwa wengi wetu mabishano hayo husikika kama mambo ya wahandisi wa California. Ukiyatazama kutoka Meru na Embu utaona ni ya hapa hapa, tena ni ya kale kuliko tarakilishi yenyewe. Kwa zaidi ya miaka mia moja, watu wa miteremko hii wamewekewa mbele yao vitu vya kugusa kwa kidole: wino wa serikali, kibao cha shule, kitufe cha simu na sasa kioo cha kishikwambi. Kila mara swali limekuwa moja: anayegusa ana haki gani juu ya kile anachokigusa?

Wino wa kipande

Waingereza waliiteka Embu mwaka 1906. Mwaka 1908 E. B. Horne, ambaye wenyeji walimwita Kangangi, akaweka kituo cha utawala Meru. Muda si mrefu ikaja sheria ya kuwaandikisha Waafrika, iliyotungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuchukuliwa alama za vidole na kubeba karatasi yake ndani ya kikebe cha chuma, aghalabu kilichoning'inia shingoni. Ndicho kipande.

Fikiria jinsi kile kikaratasi kilivyofanya kazi. Kidole kilikuwa cha mwenyewe, na shingo iliyobeba kikebe ilikuwa yake, lakini kalamu ilikuwa ya mwajiri. Mwajiri ndiye aliyeandika tarehe ya kuanza kazi na mshahara, na ndiye aliyetia sahihi ya kumwachilia mfanyakazi. Bila sahihi hiyo, mtu hakuweza kuandikwa kazi kwingine. Aliyeacha kazi bila ruhusa alisakwa kwa alama za vidole vyake mwenyewe. Kipande kilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, na ndio mfumo wa kwanza wa habari uliofungwa ambao babu zetu waliujua. Uliwasoma wao, nao hawakuweza kuuandika.

Kibao cha mawe

Katika miaka hiyo hiyo kulikuja kitu cha pili, kibao cha shule, chenye tabia tofauti kabisa. Mwaka 1910 wamisionari wa Kianglikana walianzisha kituo Kigari, Embu, na miaka michache baadaye Wamethodisti wakajenga Kaaga, nje kidogo ya mji wa Meru. Kama katika shule nyingine za misheni za wakati ule, mtoto alijifunza kusoma na kuandika kwa kibao cha jiwe jeusi chenye fremu ya mbao. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Kibao hakikuuliza nywila. Kilikubali hesabu, kilikubali Kiingereza na Kiembu, kilikubali hata mchoro wa mbuzi mwalimu alipogeuka. Kikivunjika, hasara ilikuwa ya kibao kimoja.

Kibao kilikuwa wazi, lakini shule haikuwa wazi. Misheni ndiyo iliyochagua somo, mwalimu na masharti ya mtoto kubaki darasani. Mgogoro wa tohara ya wasichana ulipolipuka mwaka 1929, wazazi wengi wa Kikuyu walianza kujenga shule zao za kujitegemea, na vuguvugu hilo likaenea hadi Embu na Meru. Walichanga, wakakata miti, wakatafuta walimu. Mwaka 1939 chuo cha ualimu kikaanzishwa Githunguri ili shule hizo zijipatie walimu. Serikali ya kikoloni ilizifunga nyingi kati ya shule hizo mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa.

Ninazileta shule hizi katika habari za vishikwambi kwa sababu ndizo mfano wetu wenyewe wa jukwaa lililo wazi. Wazazi wale hawakuikataa elimu. Waliutaka ufunguo wa chumba ambamo watoto wao walikuwa tayari wameketi.

Vitufe vya mulika mwizi

Mwaka 2007 ulileta mambo mawili kwa mpigo. Januari, Apple ilionyesha iPhone kule Marekani. Machi, Safaricom ilizindua M-Pesa hapa Kenya. La kwanza liliubadilisha ulimwengu wa matajiri kwa kuondoa vitufe. La pili liliubadilisha ulimwengu wetu kwa vitufe vile vile vya simu ndogo yenye tochi, ile mulika mwizi. Mfanyabiashara wa Gakoromone, soko kuu la mji wa Meru, aliweza kulipia gunia la viazi bila kuhesabu noti, na mzee wa Siakago akapokea pesa kutoka kwa mwanawe Nairobi bila kupanda matatu.

M-Pesa ilikuwa mfumo uliofungwa, na ni haki kusema kwamba kufungwa huko kuliisaidia mwanzoni. Watu waliiamini kwa sababu njia ilikuwa moja, wakala alijulikana na ujumbe wa uthibitisho ulikuja vile vile kila mara. Lakini kilichoulinda mche huweza kuubana mti. Hadi mwaka 2014, wakala wa M-Pesa hakuruhusiwa kuhudumia mtandao mwingine. Mamlaka ya ushindani ilipoingilia kati, kizuizi hicho kikaondolewa. Mwaka 2018 ndipo mtu aliweza kutuma pesa moja kwa moja kutoka pochi ya mtandao mmoja hadi ya mwingine. Milango ilipofunguliwa, nyumba haikuanguka. M-Pesa ingali hai, na bado ina nguvu kuliko wenzake wote.

Kioo

Wazo la kugusa kioo halikuzaliwa na iPhone. Mwaka 1965 mhandisi E. A. Johnson wa maabara ya rada huko Malvern, Uingereza, aliandika kuhusu kioo kinachohisi kidole, kwa ajili ya waongozaji wa ndege. Mwaka 1972 Alan Kay alichora kitu alichokiita Dynabook, tarakilishi nyembamba ya kushikwa mkononi, na akasema wazi kwamba ni ya watoto wa rika zote. Alitaka mtoto aweze kuunda programu zake mwenyewe, asiwe mtazamaji tu. Apple ilijaribu na Newton mwaka 1993, Microsoft ikajaribu karibu miaka kumi baadaye, zote zikikusudia watu wa ofisini. Mwaka 2010 ilipokuja iPad, kishikwambi hatimaye kikaingia nyumbani.

Kufikia wakati huo njia zilikuwa zimeshagawanyika. Apple iliweka lango moja: kila programu ilipitia dukani kwake na kuidhinishwa nayo. Google ikatoa Android, ambayo msimbo wake yeyote anaweza kuuchukua, kuubadilisha na kuuweka kwenye kifaa chake. Kwa Mkenya wa kawaida tofauti hiyo ilipimwa kwa shilingi. Mwaka 2011 Safaricom iliuza simu ya Huawei iitwayo IDEOS, yenye Android, kwa chini ya shilingi 10,000. Kwa Wakenya wengi, hicho ndicho kioo cha kwanza cha kugusa walichoweza kununua. Bila mfumo ambao mtengenezaji yeyote angeweza kuuchukua, bei ile isingewezekana.

Uwazi wa Android nao una mipaka yake. Msimbo ni huru, lakini simu yenye duka na ramani za Google hufuata masharti ya Google, na mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliitoza kampuni hiyo faini ya zaidi ya euro bilioni 4 kwa jinsi ilivyoyatumia masharti hayo. Hapa nyumbani kuna kufuli la aina nyingine. Mwaka 2020 watu walianza kupata simu ya kioo kwa kulipa shilingi 20 kwa siku, na mtu akikosa kulipa, simu hufungwa kutoka mbali. Mwendesha bodaboda wa Maua huiweka simu hiyo mfukoni mwake, huku ufunguo wake ukiwa Nairobi.

Kuna jambo moja dogo ambalo naliona kuwa kubwa. Kĩmĩrũ na Kĩembu huandikwa kwa herufi zenye kiwimbi juu, ĩ na ũ, ambazo hubadilisha sauti na mara nyingi maana. Taipureta na kibodi za vitufe hazikuwa na herufi hizo, hivyo vizazi viwili viliandika lugha zao zikiwa na kilema. Kioo cha kugusa hakina vitufe. Kina picha ya vitufe. Picha hubadilishwa. Kuanzia mwaka 2009 Android iliruhusu mtu yeyote kuunda kibodi yake na kuiweka kwenye simu, kwa hiyo mwalimu au mwanafunzi wa chuo angeweza kuchora ĩ na ũ akawapa wenzake. Apple iliruhusu kibodi za watu wengine mwaka 2014. Miaka mitano mtu alisubiri ruhusa ya kujiundia kibodi ya lugha ya mama yake kwenye kifaa alichokilipia. Mjadala wa wazi na kufungwa unakaa ndani ya alama hiyo ndogo juu ya herufi.

Ahadi ya vipakatalishi

Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilivunjika mwaka 2014 baada ya mabishano. Mradi uliporudi, kipakatalishi cha mtoto kilikuwa kimegeuka kishikwambi, na kazi ikapewa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia na Chuo Kikuu cha Moi, kila kimoja na mshirika wake wa kigeni. Kuanzia mwaka 2016 zaidi ya vifaa milioni moja vilisambazwa katika shule za msingi zaidi ya 20,000: vishikwambi vya wanafunzi, vipakatalishi vya walimu, projekta na seva ndogo ya kuhifadhi masomo. Kwa ajili ya mradi huo nyaya za umeme zilifika shule ambazo hazikuwa zimewahi kuona balbu. Hilo peke yake ni urithi, na sitakubali lidharauliwe.

Lakini kifaa kilifika kikiwa kimekamilika na kimefungwa. Masomo yalikuwa yamepakiwa tayari. Mwalimu wa Nkubu au Kiritiri aliyetaka kuongeza hadithi ya Kĩmĩrũ, picha ya ugonjwa wa buni au wimbo wa watoto wa Mbeere hakuwa na njia rahisi ya kufanya hivyo. Shule ziliogopa wezi, zikaweka nondo na kufuli. Walimu wakuu waliogopa kuulizwa, wakaona heri kifaa kisichotumika kuliko kifaa kilichovunjika. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, watoto walikwenda nyumbani na vishikwambi kwa jumla vikabaki kabatini. Miezi ile ambayo kifaa kilihitajika kuliko wakati wowote, watoto walijifunza kwa redio, wale waliokuwa na redio.

Fundi mmoja wa simu katika mji wa Meru alinionyesha sehemu ya pili ya tatizo. Alipuliza hewa moto pembeni mwa kioo cha kishikwambi mpaka gundi ikalegea, akapenyeza kadi nyembamba, akakifunua. Betri ilikuwa imegundishwa. Akaiinua taratibu, akapima waya kwa mita, akatikisa kichwa. "Betri yake haipatikani," akasema. "Ningekuwa nayo, ni kazi ya nusu saa. Na programu ikikwama siwezi kuflashi, faili zake hawajazitoa." Mikono ilikuwepo, ujuzi ulikuwepo. Kilichokosekana ni spea na ruhusa.

Wakati huo huo, kishikwambi kingine kilikuwa kikifanya kazi kimya kimya kwenye barabara zile zile. Mradi wa kusoma wa Tusome, ulioanza mwaka 2015 kwa ufadhili wa Marekani, uliwapa maafisa wa mitaala wa kaunti zote vishikwambi vyenye programu huria iitwayo Tangerine. Afisa alipanda pikipiki hadi shuleni, akaketi nyuma ya darasa, akafuata somo kwenye kioo, akawasikiliza wanafunzi watatu wakisoma, na kifaa kikampa idadi ya maneno kwa dakika. Mwisho wa somo alikaa na mwalimu chini ya mti wakazungumza juu ya kilichoonekana. Nauli yake ililipwa kulingana na ziara zilizothibitishwa. Kishikwambi kimoja mkononi mwa mtu mwenye kazi maalumu kilifaa kuliko arobaini vilivyofungiwa kabatini. Na kwa kuwa programu ilikuwa huria, waliojua mahitaji ya darasa waliweza kuibadilisha ilingane na kazi.

Fungueni seva

Somo kubwa kuhusu uwazi, taifa zima lililipata kituoni mwa kura. Mwaka 2013 vifaa vya kumtambua mpiga kura kwa alama za vidole viliharibika sehemu nyingi. Betri zilikwisha katika madarasa yasiyo na umeme. Mwaka 2017 tume ya uchaguzi ilileta takriban vifaa 45,000 vya KIEMS, ambavyo kwa umbo ni vishikwambi vyenye kisoma vidole. Kidole kile cha kipande kikarudi mezani, safari hii ili mwenyewe ahesabiwe kuwa raia. Mkulima aliyechuma chai maisha yake yote ana ncha za vidole zilizolika, na mashine inaweza kushindwa kumsoma. Ndiyo sababu sheria iliweka njia ya ziada, ili asinyimwe kura kwa kosa la jembe lake.

Tatizo lenyewe halikuwa kidoleni. Lilikuwa nyuma ya kioo. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilibatilisha uchaguzi wa urais. Miongoni mwa sababu ni kwamba tume haikutii kikamilifu amri ya mahakama ya kuruhusu seva zake zikaguliwe. Tangu siku hiyo "fungueni seva" likawa neno la barabarani. Mama mboga wa Embu ambaye hajawahi kuona seva alijua maana yake: tuonyesheni mlivyohesabu. Mwaka 2022 tume iliweka picha za fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 mahali ambapo yeyote angeweza kuzisoma. Wanafunzi, wanahabari na wazee wenye kikokotoo wakajumlisha wenyewe. Malalamiko hayakwisha, lakini kila mlalamikaji alikuwa na fomu ile ile mbele yake.

Huduma nyingine zilijifunza njia hiyo mapema. OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, ilianza mwaka 2004 kutokana na kazi ya madaktari wa Eldoret na wenzao wa Indiana, Marekani. Kutokana nayo ikazaliwa KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya nchini. Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walipewa mikoba ya kazi na simu za kioo zenye mfumo wa eCHIS, nao umejengwa juu ya msimbo huria. Mama anayezunguka boma kwa boma Igembe akipima presha ya wazee anagusa programu ambayo msimbo wake si siri ya kampuni. Taarifa za wagonjwa zinapaswa kulindwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai hivyo. Msimbo kuwa wazi hakumaanishi siri za watu kuwa wazi. Taifa linaweza kuijua mashine yake na bado likatunza heshima ya mgonjwa.

Tufanye nini na kabati lile

Naheshimu hoja za wanaopenda mifumo iliyofungwa. Mzazi hataki mtoto wa miaka saba aangukie uchafu wa intaneti. Mwalimu anataka kifaa kinachowaka na kufanya kazi. Mwizi huvutiwa na kifaa kisicho na kufuli. Kwa hiyo sidai kila mlango uvunjwe. Nadai ufunguo ukae karibu na mwenye nyumba. Kishikwambi cha shule kifungwe dhidi ya mwizi, lakini kisifungwe dhidi ya mwalimu, fundi na mtoto.

Zabuni ijayo ya vifaa vya shule, iwe ya serikali kuu au ya kaunti, iandike masharti manne: betri ibadilishwe bila gundi, spea ziuzwe wazi angalau miaka saba, faili za kurudisha mfumo zikabidhiwe umma, na mwalimu aweze kupakia masomo yake, ikiwemo lugha ya eneo lake, ambayo mtaala wenyewe unaitaka katika gredi za mwanzo. Watu wa kuifanya kazi hiyo tunao. Chuo Kikuu cha Embu kipo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kipo Nchiru, juu ya ardhi ambayo wazee wa baraza la Njuri Ncheke waliitoa ili watoto wao wasome. Wanafunzi wa vyuo hivyo wapewe makabati yale, shule kwa shule, wayafungue, warekebishe kinachorekebishika na kuwafundisha nywila walimu zaidi ya mmoja.

Nawe mzazi unayesoma haya, nenda shuleni kwa mwanao wiki hii. Muulize mwalimu mkuu kwa heshima: vishikwambi viko wapi, vingapi vinawaka, na nywila inajulikana na nani? Vilinunuliwa kwa kodi yako.